Msitupe viti vya henzirani! Wakusanyaji na wawambaji wa Mombasa na pwani yote, tukutane hapa

MwambajiKibokoni (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Leo asubuhi nikielekea Marikiti nimekutana na mkokoteni umesheheni mabati ya kutu na vyuma vya kitanda, na juu yake kiti cha henzirani kimelazwa miguu juu. Nikamwuliza kijana, "Hiki wakipeleka wapi?" Akaniambia vyuma ni vya kwenda kupimwa kilo, kiti ni cha kuni. Mwenye nyumba kampa bure amwondoshee uchafu. Nikampa shilingi 500, nikakibeba begani hadi nyumbani. Sasa ninapoandika kiko hapa barazani mbele yangu. Pa kukalia pamepasuka, pana shimo la kupita kichwa cha mtoto. Egemeo ni zima, miguu minne imesimama sawasawa, na nikikitikisa hakitoi mlio. Inshallah kitakaliwa kabla ya mwezi kwisha.

Roho imeniuma kwa sababu hiki si cha kwanza. Mji wa Kale, Kizingo, Tudor, hata nyumba za zamani za Nyali, familia ikihama au mzee akifariki, samani za henzirani ndizo za kwanza kutolewa nje. Kabati la mvule linagombaniwa na ndugu, kiti cha henzirani kinapewa mkokoteni. Watu wanadhani kiti kikitoboka ndiyo basi. Kumbe pale palipotoboka ni nguo tu ya kiti, na nguo hubadilishwa.

Mimi nakusanya viti hivi mwaka wa kumi na mmoja huu. Ninavyo 23, vingine viko kwa dada yangu Majengo maana nyumba yangu haina nafasi tena. Nimefungua uzi huu tupeane tunachokijua, na yeyote mwenye kiti kibovu aulize kabla hajakitoa nje.

Kwanza tuelewane maneno, maana sokoni kila kitu kinaitwa "viti vya mwanzi" na hapo ndipo watu wanapotapeliwa. Mwanzi ni jamii ya nyasi na ndani uko wazi kama bomba. Henzirani ni mtende unaotambaa, unapanda miti mikubwa msituni kwa miiba yake, na ndani umejaa. Ndiyo maana wazee walitengenezea bakora: inapinda bila kukatika. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu, wao husema khaizarani. Nyingi hutoka Indonesia na nchi jirani zake, ingawa Afrika pia ipo, Kongo na hata misitu ya Uganda. Ukitaka kuhakikisha, tazama mguu wa kiti kwa chini pale ulipokatwa. Ukiona uwazi, huo ni mwanzi. Ukiona pamejaa vitundu vidogo vidogo kama ncha za sindano, hiyo ni henzirani.

Henzirani moja hutoa mali mbili. Ganda la nje, lile linalong'aa, huchunwa likawa utepe mwembamba, na huo ndio wa kuwambia viti, yaani kuunyoosha na kuusuka juu ya fremu, ule ususi wenye vitundu kama sega la nyuki. Kiini cha ndani hupasuliwa kikawa nyuzi za mviringo, na hizo ndizo za kusukia sofa na viti vya bustani. Kwa hiyo mtu akikwambia "kiti cha kusuka" amekutajia kazi ya mkono, hajakutajia mali. Kusuka kwaweza kuwa kwa henzirani, kwa fito, kwa majani, hata kwa karatasi. Hiyo ya karatasi nitaieleza, ina kisa chake kwangu.

Ukienda kununua, tazama fremu. Narudia, fremu. Watu huvutiwa na ususi mzima wakasahau kwamba mguu umepasuka ndani kwa ndani. Mimi kiti kilichotoboka chenye fremu nzima nakinunua bila kufikiri mara mbili. Kiti chenye ususi mzuri na fremu inayocheza nakiacha palepale, labda kiwe cha ajabu sana. Kishike egemeo, kisukume upande, sikiliza. Kigeuze. Tazama maungio: ya zamani yamefungwa kwa utepe wa henzirani ulioviringwa kwa kubanwa, na ukipitisha kidole huhisi mwisho wake. Siku hizi wanazungushia plastiki.

Nimeandika mengi. Karibuni.

BiKuze

Waaleikum salaam mwanangu. Umenigusa. Mimi nina viti vinne vya marehemu mume wangu, vya mbao iliyopindwa, egemeo ni duara ndani ya duara, pa kukalia ni mviringo na pamewambwa hivyo unavyosema, kama sega. Viwili vimetoboka. Wajukuu wanasema nivitoe ninunue vya plastiki. Hivi navyo ni henzirani?

MwambajiKibokoni

Shikamoo Bi mkubwa. Usivitoe hata kimoja, tafadhali.

Fremu ya viti vyako kwa maelezo hayo ni mbao iliyopindwa kwa mvuke, ila pa kukalia ni ganda la henzirani. Viti vya namna hiyo vilianzia Vienna. Fundi Michael Thonet alitoa kile kiti namba 14 mwaka 1859, vipande sita tu vya mbao na skrubu na nati, na kwa kuwa vilifunguliwa, viti 36 viliingia kwenye sanduku moja la mita moja kila upande. Hebu fikiria hiyo kwenye meli! Ndivyo vilivyoenea kwenye mikahawa ya dunia nzima. Hati yake ya kulinda ubunifu ilipokwisha mwaka 1869, viwanda vingine vikaingia, kikubwa kikiwa cha J. & J. Kohn, nao pia wa Vienna. Baadaye kila mtu akaiga.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Mwambie mjukuu akipindue kiti, atazame ukingo wa pa kukalia kwa upande wa ndani, chini. Atumie tochi ya simu. Kama kuna muhuri uliochomwa kwenye mbao au mabaki ya karatasi iliyobandikwa, asikwaruze, asifute kwa maji. Apige picha tu.

FundiWaChangamwe

Salamu kaka. Mimi ni seremala, miaka 18 kwenye kazi. Nataka kusema ukweli kwa heshima. Wateja wakiniletea viti hivyo wanataka plaiwudi, sponji na kitambaa, wachukue kesho yake. Nikiwaambia kuwamba ni siku kadhaa na bei mara tatu wanaondoka. Nina watoto wa kulisha. Na mwenye nyumba yenye watoto wadogo, kiti cha kuwambwa mtoto akisimama juu kwa mguu mmoja anatumbukia. Si kwamba mafundi tunapenda kuharibu.

MwambajiKibokoni

Fundi, shukran kwa kusema waziwazi, na sikulaumu. Mteja ndiye anayeamua mfuko wake. Lakini nina ombi kuhusu misumari.

Kiti changu cha kwanza kabisa nilichonunua kilikuwa kimepigwa plaiwudi. Nilipoing'oa, chini yake nikakuta zile tundu za kuwambia, 72 nilizihesabu, zimezunguka ukingo mzima. Aliyepiga plaiwudi alipigilia misumari katikati ya tundu na tundu, na kila msumari ulikuwa umefungua ufa kutoka tundu hadi tundu, kama vile unavyochana stempu. Upande wa mbele ukakatika mkononi mwangu. Nilihuzunika sana siku ile, maana kile kiti kiliharibiwa na matengenezo. Kukaliwa hakukukiharibu hata kidogo.

Mteja akitaka ubao, kata ubao ukae juu ya ukingo bila kupigiliwa, weka vijiti viwili chini yake viuzuie usiteleze, na mto juu. Mteja ameridhika, mtoto hatumbukii, na tundu zinabaki salama. Akija mtu baada ya miaka 30 akitaka kuwamba, atakuta kila kitu mahali pake.

FundiWaChangamwe

Hiyo ya ubao usiopigiliwa nimeikubali, naweza kuifanya na hata mbao inapungua. Nami niongeze moja: misumari ya chuma hapa kwetu na upepo wa bahari inaoza, kisha kutu inaacha doa jeusi kwenye mbao lisilotoka. Kiti cha zamani kikilegea, msikaze kwa msumari. Fungueni ungio, mkwangue gundi ya zamani yote ndipo mtie mpya. Gundi mpya juu ya gundi kuukuu haishiki. Zile gundi za zamani za ngozi na mifupa hulainika kwa maji ya moto, hazihitaji nguvu.

MwambajiKibokoni

Maneno ya fundi hayo. Yaandikeni mahali.

TangaMwambao

Wakuu, mimi niko Tanga. Nimepata sofa ya kusuka ya watu watatu, imepakwa rangi nyeupe mara nyingi hadi vitundu vimeziba. Nataka niitoe rangi nione mali yenyewe. Nimeambiwa nipige msasa. Pia naomba hicho kisa cha karatasi ulichoahidi.

MwambajiKibokoni

Ndugu, msasa mkavu usiuguse. Rangi za zamani za mafuta, hasa nyeupe, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ukilivuta ni sumu, kwa watoto ndiyo hatari zaidi. Pia msasa hauingii ndani ya ususi, utakula juu na kubakiza chini, uishie kukata nyuzi. Kama ni lazima, fanya kwa majimaji, nje ya nyumba, na brashi laini, kidogo kidogo. Ushauri wangu hasa ni uiache. Sofa iliyopakwa mara sita huenda rangi ndiyo inayoshikilia nusu ya ususi. Isafishe kwa brashi kavu, rekebisha palipokatika, ipake koti moja jembamba. Kuna viti vinavyopendeza vikiwa uchi na kuna vinavyopendeza vyeupe.

Na kabla ya maji yoyote, chukua sumaku. Hapo ndipo kisa changu kinapoingia.

Mwaka wa pili wa kukusanya nilinunua kiti cha mikono kwa mama mmoja Tudor, rangi ya majani mabichi, kimesukwa kwa kubanana na laini ajabu, hakina hata unyuzi mmoja uliochomoza. Kilikuwa na vumbi la miaka. Nikakitoa uani, nikafungua mpira wa maji, nikakiosha kama gari, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi egemeo lilikuwa limevimba, na nilipolishika likatoka mkononi kama uji wa karatasi. Ndani nikaona waya.

Nilikuja kuelewa baadaye. Mwaka 1917 Mmarekani Marshall Burns Lloyd alibuni namna ya kusuka kwa mashine karatasi ngumu iliyosokotwa, na nyuzi zilizosimama wima akazitia waya wa chuma ndani. Kitambaa kile kikanyooshwa juu ya fremu. Ni kazi nzuri sana, haikukwaruzi ngozi wala kurarua nguo, na inavumilia uzito kwa miaka. Ila haipendi kuloweshwa. Kwa hiyo pitisha sumaku kwenye nyuzi za wima. Ikinata, hicho ni cha karatasi: kitambaa chenye unyevu kidogo tu, basi. Isiponata, chunguza unyuzi uliokatika. Karatasi hufunguka ikajikunjua, henzirani hupasuka kwa nyuzinyuzi, plastiki hukatika safi bila nyuzi.

Kile kiti sijapata mfano wake tena. Fremu yake bado ninayo.

TangaMwambao

Sumaku imenata kaka! Nilikuwa na ndoo ya maji tayari. Allah akulipe kheri.

MamaWatotoMtwapa

Dada yenu nakodisha mapambo ya harusi. Nina vile viti vya tausi, egemeo kubwa kama mkia wa tausi umefunguka, ndivyo bibi harusi wa siku hizi wanavyovitaka kwa picha za siku ya hina. Nimenunua vitatu, kimoja bei yake ilikuwa nusu ya vingine. Nitajuaje kama nimeuziwa cha uongo?

MwambajiKibokoni

Dada yangu, bei hiyo inanipa shaka. Mimi mwenyewe niliwahi kutumiwa na muuzaji mmoja wa mtandaoni kiti "cha miaka ya sitini", kilipofika nikakuta ni uzi wa plastiki juu ya bomba la chuma. Kinyanyue kwa mkono mmoja. Henzirani ni nyepesi ukilinganisha na ukubwa wake. Tazama rangi ya nyuzi: za plastiki zinafanana zote, za henzirani kila mmoja una rangi yake, na zile za ganda zina vifundo.

Kiti cha tausi kina historia nzuri, nyumbani kwake ni Ufilipino. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafungwa wa gereza la Bilibid, Manila, walivisuka na wageni wakivinunua. Ile picha ya mwaka 1967 ya Huey Newton, kiongozi wa chama cha Black Panther cha Wamarekani weusi, ameketi ameshika mkuki mkono mmoja na bunduki mkono mwingine, alikaa kwenye kiti cha namna hiyo. Cha plastiki kitumie kwa harusi za nje ya nyumba, mvua ikinyesha hakuna hasara. Vya henzirani viweke ndani.

MlamuHalisi

Mumesahau kiti chetu. Kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu kilikuwa na uwambaji kabla ya hivyo vya Wazungu kufika. Mpingo au mbao nyeusi, egemeo limenyooka, pa kuwekea miguu, na mapambo ya pembe au mfupa. Mbona hukitaji?

MwambajiKibokoni

Haki yako kabisa ndugu yangu. Kile ni mfalme wa viti vya mwambao. Mimi sijakitaja kwa kuwa ususi wake ni wa kamba nyembamba, si wa henzirani, lakini kazi ni ileile na neno ni lilelile: kuwamba. Tunawamba ngoma, tunawamba kitanda cha kamba, tunawamba kiti. Kila mara kuna fremu ngumu na kitu laini kilichonyoshwa juu yake hadi kikalia. Aliye na nafasi apite Makumbusho ya Lamu akakitazame kwa karibu, hasa pale kamba inapoingia kwenye mbao.

Ila niwaonye wakusanyaji: ukiletewa kiti chenye pembe ya ndovu, usinunue na usiuze. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haichezi, na kumiliki tu bila kibali ni kosa, hata ukisema ni cha babu. Mwenye nacho cha urithi aende awaulize wahusika wa wanyamapori taratibu.

KijanaWaLikoni

Bro mimi kiti changu kila asubuhi chini yake pana unga mweupe kama wa muhogo. Nafagia, kesho upo tena. Nimepulizia dawa ya mende mara mbili, hola.

MwambajiKibokoni

Hao ni fukusi. Kiini cha henzirani kina wanga, ndicho chakula chao, na hii joto na unyevu wetu ni raha kwao. Dawa ya kupuliza haiwafikii, maana mabuu wako ndani, wanatoka wakiwa wakubwa kupitia vile vitundu unavyoviona. Kwanza kabisa kitenge hicho kiti mbali na vingine, leo hii.

Dawa niliyoiamini ni baridi. Kifunge kwenye nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi kila mahali, kiweke kwenye friza ya digrii 18 chini ya sufuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usikifungue hadi kipate joto la kawaida, ngoja siku nzima, ili ule umande ugande nje ya nailoni usiingie kwenye ususi. Mimi nilipata nafasi kwenye friza ya samaki ya binamu yangu pale Likoni, kiti kidogo cha mtoto kilikaa kati ya nguru na pweza siku 14. Nailoni nilikunja mara tatu, hakikunuka. Tangu hapo kimetimiza miaka minne hakina unga. Kikubwa kisichoingia kwenye friza, pitisha mafuta ya taa kwa brashi ndani ya kila kitundu, nje ya nyumba na mbali na moto, rudia baada ya wiki chache. Wanaokausha henzirani huko kwao huichemsha kwenye dizeli, kwa sababu hiyohiyo.

Na koga ya masika, ile ya kijani, isikutie hofu. Brashi kavu, kisha upepo wa kivulini. Jua kali la mchana wa kaskazi ndilo adui, linakausha ganda hadi linalia ukikaa. Viti vikipelekwa Nairobi na hewa yao kavu hupasuka haraka kuliko hapa kwetu.

BiKuze

Mwanangu, mjukuu ametazama. Kiti cha kwanza hakuna kitu. Cha pili kuna karatasi imeliwa na mende, imebaki pembe. Cha tatu kuna maandishi kwenye mbao, amenisomea herufi: J, alama, J, KOHN, halafu WIEN. Nini hiyo?

MwambajiKibokoni

Bi mkubwa, nimesimama nilipokuwa nimekaa. Wien ni Vienna kwa Kijerumani. Hao ndio Kohn niliowataja. Kiti cha marehemu kimesafiri kutoka Austria hadi Kuze, na wewe umekuwa ukikalia ukinywa kahawa. Hiyo pembe ya karatasi kwenye cha pili msiiguse.

Sasa nauliza: ukingo wa hivyo viwili vilivyotoboka una tundu zimezunguka, au una mtaro mmoja ulioziba kwa kama kamba?

BiKuze

Tundu. Ni nyingi.

MwambajiKibokoni

Alhamdulillah. Basi vimewambwa kwa mkono na vitawambwa kwa mkono. Vyenye mtaro huwekwa kitambaa cha henzirani kilichosukwa kwa mashine, huloweshwa, hubanwa ndani ya mtaro kwa kamba ya henzirani na gundi, saa moja mbili umemaliza. Vya tundu ni kazi ya subira, na mimi ndiyo niipendayo.

Na vile viwili ambavyo havijatoboka, kama vimelegea vikanepa chini kama sahani, usiku loweka kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kipindue kiti, weka kitambaa upande wa chini usiopakwa vanishi kwa nusu saa, kisha kiache bila kukaliwa hadi asubuhi. Ganda likilowa hulegea, likikauka hujivuta. Utashangaa.

MamaWatotoMtwapa

Tueleze basi hiyo ya mkono inafanywaje. Nina vijana wawili kwangu wanakaa bure kati ya harusi na harusi.

MwambajiKibokoni

Nitaeleza nilivyofundishwa na mzee wangu wa Majengo, Mungu amrehemu. Alijifunza ujanani, na macho yalipomwishia aliendelea kuwamba kwa vidole. Alikuwa akihesabu tundu kwa ukucha wa kidole gumba, tik, tik, tik, akifika ya katikati anatia kijiti.

Ganda huuzwa kwa kitita. Kitita cha mita 300 hivi chatosha viti vitatu au vinne. Chagua upana kulingana na tundu: tundu zikiwa ndogo na zimekaribiana, utepe uwe mwembamba. Loweka utepe mmojammoja kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, usizidishe, ukilala ndani ya maji hugeuka kijivu. Ngozi ivute ili maji, walisema wahenga, na utepe nao ni vivyo hivyo.

Toa ususi wa zamani wote, zibua kila tundu. Tafuta tundu ya katikati nyuma na mbele. Hatua ya kwanza, pitisha utepe kutoka nyuma kwenda mbele, upande unaong'aa juu, ukishuka tundu moja na kupanda tundu la jirani, hadi ujaze. Kila tundu unaloshikilia kwa muda tia kigingi; mimi natumia vijiti vya mishkaki nilivyokata fupi. Usikaze kama gitaa. Acha ulegevu kidogo, ukikauka utajikaza wenyewe, ukikaza mno mwanzoni hatua za mwisho hutapitisha hata sindano.

Hatua ya pili, kushoto kwenda kulia, juu ya ule wa kwanza, bila kusuka. Ya tatu, tena nyuma kwenda mbele, juu ya zote, ukiusogeza kidogo pembeni mwa ule wa kwanza. Ya nne ndipo kusuka kunapoanza: kushoto kwenda kulia, juu ya mmoja chini ya mwingine, na hapo utepe uwe umelowa vizuri. Ukimaliza, zile nyuzi zitakuwa jozi jozi na vimraba vimejitokeza. Zisogeze kwa vijiti zinyooke. Ya tano ni ya kukata pembe, kutoka kona hadi kona, na ya sita ni ya kona nyingine. Hapa watu wengi hukosea. Ukisuka sawa, utepe wa pembe unateleza kwenye njia yake kama umepakwa mafuta. Ukihisi unakwaruza, umekosea, rudi nyuma, usilazimishe. Ya saba ni ukingo, utepe mpana unaofunika tundu zote.

Kiti kimoja kwangu ni jioni nne tano, baada ya magharibi, redio ikiwa imewashwa.

FundiWaChangamwe

Nimesoma yote. Mzee wako nadhani namkumbuka, alikuwa akikaa nje na beseni la bluu?

MwambajiKibokoni

Ndiye. Beseni ninalo mimi. Na kiti chake cha mwisho pia. Alifika hatua ya tano, akawamba pembe upande mmoja hadi nusu, akasema amechoka, tutaendelea kesho. Mwenye kiti hakuwahi kuja kukidai. Sijakimaliza. Nakitumia kufundishia, kwa sababu ukikitazama kutoka kushoto kwenda kulia unaona kazi yote ilivyojengeka: hapa nyuzi za hatua nne tu, hapa za hatua tano. Na mvuto wa mkono wake ni uleule kila mahali, ukipitisha kiganja huoni pa kulegea.

BiKuze

Mwanangu, mimi nipo tayari. Ila macho yangu ni ya uzee, na mjukuu wangu wa miaka 15 ndiye aliyesoma ule muhuri. Tangu jana anavipindua viti vyote vya nyumba. Anauliza kama anaweza kuja yeye kujifunza.

MwambajiKibokoni

Aje, Bi. Jumamosi baada ya alasiri niko barazani. Alete kiti kimoja, kisicho na karatasi, tuanze na hicho. Fundi, kama una nafasi njoo nawe, tutazame maungio yake kabla hatujawamba. Ganda ninalo la kutosha viti viwili na beseni nitalijaza. Alete vijiti vya mishkaki kama arubaini hivi, vyangu vimebaki vichache.

FundiWaChangamwe

Nitakuja, na patasi ndogo.